Spika zinanguruma? Tengeneza waya wa RCA wenye ngao

RCA ni plagi ya sauti yenye pini katikati na ganda la chuma pembeni; ngao ni kifuniko cha metali kinachozunguka nyuzi za ndani ya waya ili kuzuia kelele. Kabla hujashika chuma cha kulehemu, sikiliza. "Mmmm" nzito isiyokatika inatoka kwenye umeme wa nyumba: hezi 50 au 60, kutegemea nchi. "Zzzz" kali zaidi mara nyingi ni adapta au dima ya taa (swichi ya kupunguza mwanga). Ule mdundo wa "dit-dirit-dit" kabla simu haijaita ni simu yenyewe; isogeze mbali, kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Jua kelele inaingilia wapi

Shusha sauti hadi sifuri, chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya, halafu pandisha kidogo. Usichomoe wala kuchomeka sauti ikiwa juu: pini ya kati ya RCA hugusa kabla ya ganda, na ule mlio wa "paa!" huua spika. Mimi nimeshapoteza twita moja (spika ndogo ya sauti nyembamba) hivyo.

Kelele ikibaki, tatizo halimo kwenye waya huo. Anza kushuku amplifaya. Ikikoma, rudisha waya, kisha chomoa kifaa cha chanzo kwenye umeme (kompyuta ya mkononi iendeshe kwa betri). Mngurumo ukikatika hapo, mara nyingi ni mzunguko wa ethi, yaani ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) za vifaa viwili zimeungana kwa njia mbili: kwenye umeme na kwenye waya wa sauti. Ngao haitibu hilo. Tafuta transfoma ya kutenganisha sauti. Na usikate pini ya ethi kwenye plagi. Ndiyo, mngurumo huweza kukoma, lakini siku kifaa kikipiga shoti, ganda lake litakurusha.

Mngurumo usipokatika, shika waya uusogeze huku na huku. Kelele ikipanda na kushuka, ni waya unaoidaka. Endelea.

Hatua ya 2: Tenganisha nyaya

Waya wa sauti usilale sambamba na wa umeme. Ikibidi vikutane, vipishane kama msalaba. Usiuache karibu na transfoma pia: ngao, iwe ya foili (karatasi nyembamba ya metali) au ya msuko wa nyuzi za shaba, huzuia uga wa umeme, ila uga wa sumaku wa hezi 50 hupenya. Dawa yake ni umbali. Waya za spika ziache, hazihitaji ngao.

Hatua ya 3: Unda waya

Chukua waya wa maikrofoni wenye nyuzi mbili (hapa mwekundu na mweupe) ndani ya ngao. Napendelea msuko wa shaba. Foili hufunika vizuri zaidi, lakini ukiikunja mara kwa mara hupasuka.

Kwanza ingiza kofia za plagi kwenye waya. Kila mtu husahau, kisha hufumua lehemu yote. Menya gamba la nje sentimita 2, fumua msuko kwa ncha ya sindano bila kuukata, uusokote uwe uzi mmoja. Menya nyuzi za ndani milimita 4, zipake lehemu.

Upande wa chanzo, uzi mwekundu uende kwenye pini, mweupe pamoja na ngao kwenye ganda. Upande wa amplifaya, mwekundu pini, mweupe ganda, ngao ikate na uifunike kwa mrija unaosinyaa kwa joto. Ngao isiyoungwa popote ni pambo tu. Ikiungwa pande zote mbili, mikondo ya ethi inapita ndani yake sambamba na uzi wa kurudishia sauti. Upande mmoja unatosha. Chora mshale kuelekea amplifaya, la sivyo kesho utaufunga kinyume.

Usikae na chuma zaidi ya sekunde tatu. Plastiki ya ndani huyeyuka, nyuzi zikagusana.

Hatua ya 4: Pima

Weka mita ya umeme (multimita) kwenye mlio, yaani ilie pale njia ya umeme ikiwa imeungana. Pini kwa pini ilie, ganda kwa ganda ilie, pini kwa ganda ikae kimya. Kunja waya karibu na kila plagi huku ukipima. Mlio ukikatikakatika, rudia kulehemu hapo kabla hujafunga kofia.