Umepangiwa ukunga shamba huku Pemba? Anza hivi

Mdogo wangu, kama barua imetoka na umepangiwa kituo cha shamba huku Micheweni, wiki ya kwanza usijifungie chumba cha wazazi ukahesabu glavu tu. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, ujitambulishe, umuombe akupeleke kwa mabibi wakunga wa shehia yake, mana wapo na wanawake wanawasikiliza wao kabla yako wewe mwenye cheti.

Mimi bibi wa kwanza niliyepelekwa kwake alinikaribisha barazani, akaniuliza "mwanangu, ushazaa?" nikamwambia bado, akanyamaza kidogo af akanishika viganja akavigeuza, akasema mikono baridi hii, ukitaka kumpima mtu ipashe kwanza. Mpaka leo naipasha. Na mwezi haujesha akanigongea saa nane usiku na mjukuu wake ana uchungu, nikamwacha akae kichwani kwa mama amfute jasho na kumsomea dua, mi nikawa chini na kazi yangu. Muweke hivyo hivyo, asifukuzwe. Mkubaliane tu mambo matatu: dawa za kuongeza uchungu hapana, kitovu cha mtoto hakipakwi kitu, na damu ikizidi hakuna kusubiri asubuhi.

La pili ni usafiri, na hapa ndo pagumu kweli. Ipite njia ya hospitali ya Micheweni au Wete mwenyewe mchana, uone masika inaharibika wapi, na uwe na namba za madereva watatu wanaokubali kutoka usiku. Ukiwa upande wa Kojani mama anavuka na boti kwanza, kwaiyo ongeza namba za manahodha. Na kliniki muulize kila mama, mume akiwa dago, kambi ya uvuvi, nani ataamua upelekwe? Atakwambia mpaka mume aruhusu, basi muite huyo mume mapema aseme ruhusa mbele ya mama yake mzazi, nimeona mtu anavuja damu huku watu wanatafuta netiweki ya kumpigia simu mvuvi, sitaki ulione lile.

Dawa sasa. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu akishajifungua, inakaa kwenye friji digrii 2 mpaka 8, na umeme ukikatika usiku usijiambie itakua sawa, angalia kipimajoto kila asubuhi. Mtoto akitoka hakikisha hakuna pacha, mpige mama sindano yake, uniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja. Mfuko wa kumpumulisha mtoto ujaribu kila zamu inapoanza, mana asiyelia hana muda wa kukusubiri utafute kinyago. Presha ya mama ikifika 140/90 pima tena, na akisema kichwa kinauma au anaona ukungu huyo anaondoka na gari sasa hivi, sio kesho.

Na weka kanga mbili kavu kabatini, moja ya kumfutia mtoto nyengine ya kumfunika, wengine watakufikia usiku mikono mitupu.