Umeajiriwa Kenya? Hivi ndio unapunguza PAYE kihalali

Wengi wetu peislipu ikifika tunaangalia tu ile namba ya chini kabisa, ile inaingia benki, halafu tunaifunga. Mwezi huu anza juu. Tafuta mstari wa PAYE, ile kodi ya mshahara inayokatwa kila mwezi, uone kama kuna nafuu yoyote (punguzo la kodi) imeandikwa hapo kando na ile 2,400 ya kila mtu. Kama hakuna, na una bima au mkopo wa nyumba, basi kuna pesa yako inaenda bure kila mwezi na hakuna mtu atakupigia simu kukwambia.

Hesabu yenyewe iko hivi: 24,000 ya kwanza kwa mwezi inakatwa 10%, 8,333 inayofuata 25%, halafu kutoka hapo hadi laki tano ni 30%. Kwa hivyo mtu wa mshahara wa kawaida, shilingi zake za juu ndio zinaumia zaidi, na hizo ndio unataka kuziokoa. NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya ya serikali, 2.75%) na tozo ya nyumba (1.5%) zinatolewa kabla kodi haijapigwa, hizi mbili za mwisho tangu Desemba 2024. Hiyo ni kazi ya HR, wewe hakikisha tu imefanywa.

Sasa tuseme unapata 60,000. Ukitoa NSSF 3,600, SHIF 1,650 na nyumba 900 unabaki na 53,850 ya kupigwa kodi, na PAYE yako baada ya ile nafuu ya 2,400 inakuja kama 8,538.

Pensheni ndio kitu ya kwanza ningekwambia ufanye, kabla ya hayo mengine yote. Sheria inaruhusu hadi 30,000 kwa mwezi (zamani ilikuwa 20,000) itolewe kabla ya kodi, lakini kumbuka NSSF yako inahesabiwa ndani ya hiyo 30,000. Ukiweka 5,000 kwa mpango uliosajiliwa, wa kazini au wa kibinafsi, PAYE inashuka 1,500 hapo hapo, yaani umeweka 5,000 lakini mfukoni umesikia 3,500 tu, na hakuna sako wala benki itakupa faida kama hiyo siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba hiyo pesa imefungwa, na ukiitoa mapema kodi inaweza kukungoja huko, so usiweke karo ya watoto ya January huko tafadhali.

Ya pili ni bima. Ya maisha, ya afya, au ya elimu ya miaka kumi na zaidi, unarudishiwa 15% ya unacholipa, na nafuu yenyewe mwisho ni 5,000 kwa mwezi. Ukilipa 4,000 nafuu ni 600. Ukijumlisha na ile pensheni, PAYE yetu imetoka 8,538 hadi 6,438, na kwa mwaka hiyo ni 25,200. Lakini nakusihi, usinunue bima kwa sababu ya kodi peke yake, maana ukiivunja kabla muda uishe ile nafuu yote uliyopata inakatwa kwa pesa unayorudishiwa. Kama bima unaihitaji, sawa, chukua cheti cha bima upeleke kwa HR kabla hawajafunga mishahara ya mwezi.

Uko na mogeji, yaani mkopo wa nyumba unayoishi? Riba yake, riba tu sio mkopo wenyewe, inatolewa kabla ya kodi hadi 360,000 kwa mwaka. Omba benki ikupe cheti cha riba.

Na kama unaishi na ulemavu, au una ndugu anayeishi nao na ameajiriwa, hii isikupite: ukipata cheti cha msamaha kutoka KRA (mamlaka ya ushuru), 150,000 ya kwanza kila mwezi haikatwi kodi. Ni msaada mkubwa kuliko yote niliyotaja hapa. Utapitia hospitali, baraza la watu wenye ulemavu, halafu KRA, safari ni ndefu lakini anza leo.

Wenye akiba kando, hati fungani za miundombinu za serikali (yaani unaikopesha serikali pesa) riba yake haikatwi kodi, wakati zile za kawaida unakatwa kabla pesa ikufikie.

Mwisho ni ritani, ile taarifa ya kodi unayojazia KRA kila mwaka. Kama ulibadilisha kazi katikati ya mwaka chukua P9 zote mbili (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka), na kama una kazi mbili kwa pamoja ile 2,400 inatumika kwa mwajiri mmoja tu, wakiitumia wote wawili utajipata na deni ukijaza. Kama HR alisahau bima yako mwaka mzima, bado unaweza kuiweka kwa ritani kwenye iTax, tovuti ya KRA, na uombe kurudishiwa kilichozidi. Tarehe ya mwisho ni 30 Juni, ukichelewa faini inaanzia 2,000, na wiki ya mwisho mtandao huwa mzito sana, so jaza Machi ama Aprili ukishapata P9 mkononi.