Kila msimu na saa yake ya kusoma

Wengi hujipangia kusoma saa tatu usiku mwaka mzima. Ikifika Aprili ratiba inavunjika, nao wanajilaumu kwa uvivu. Si uvivu. Huku Pwani, kuanzia Dar hadi Mombasa na visiwani, msimu ukigeuka hugeuka na joto, mwanga na umeme. Usiing'ang'anie saa, ihamishe.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana kitabu hugeuka mto wa kulalia. Soma alfajiri, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja kasoro, kabla bati halijashika moto. Kurasa ishirini zinatosha. Kipindi cha pili ni jioni barazani. Dar, mwishoni mwa Januari jua huzama kama saa moja kasoro dakika kumi, ilhali Juni huzama kama saa kumi na mbili na robo. Hiyo ni zaidi ya nusu saa ya mwanga wa bure. Weka kitambaa mkononi, maana jasho la vidole hulegeza kava la karatasi.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio msimu wa vitabu vizito: historia, sheria, tafsiri ya Kurani, chochote kinachotaka kalamu na daftari. Hewa ni kavu kidogo na usingizi hauvizii. Vuli fuata utaratibu wa masika ulio hapa chini, ila kwa kiasi kidogo, kwa kuwa mvua zake ni fupi.

Masika ndiyo inayotaka maandalizi. Chaji simu na taa ya sola kila umeme unapokuwepo. Usiku wa mvua za kwanza kumbikumbi huvamia taa na kudondokea kwenye kurasa: zima taa ya dari, washa ndogo iliyo chini, na uweke beseni la maji kando yake, wengi wataishia humo. Chagua riwaya ndefu ya kukaa nayo siku mbili za mvua mfululizo.

Rafu isogezwe sentimita tano kutoka ukutani, na vitabu visibanwe sana, hewa ipite. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huanza kuota, na huanzia nyuma, upande wa ukuta usioonekana.

Kitabu kikilowa, usikianike juani: jalada hupinda na gundi hupasuka. Kisimamishe wima, kurasa zikiwa zimetanuka kama pepeo, na uchomeke tishu kila baada ya kurasa kumi na tano. Badilisha tishu zinapolowa, feni ikipuliza kwa mbali. Vitabu vya picha, vyenye karatasi za kung'aa, tenganisha kila ukurasa vikiwa bado vimelowa. Zikikaukiana hazibanduki tena. Kama huna nafasi siku hiyo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukitie kwenye friza. Kikiachwa hivihivi, ukungu unaweza kuota ndani ya siku mbili.

Ukishaota, subiri kitabu kikauke kabisa. Vaa barakoa, kitoe nje, kisha usugue kwa brashi laini kuelekea nje ya ukurasa. Ukiufuta ungali mbichi, unaupaka ndani ya karatasi, na doa lake halitoki.