Kupeleka hoja ya ushuru wa soko, kutoka jumuiya mpaka Baraza la Wawakilishi

Hoja nyingi za wafanyabiashara wa Unguja na Pemba hufa kwa kupelekwa kusikohusika. Ushuru wa soko ni wa Baraza la Manispaa, Baraza la Mji au Halmashauri. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mauzo ya ndani hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Forodha na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano, na mkusanyaji ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hata bandarini Malindi. Kabla ya kuandika barua, kusanyeni risiti muone zimetolewa na nani.

Tuchukue soko la samaki. Fuatilieni wauzaji 40 mwezi mzima: kila siku nani kalipa, kiasi gani, kapewa risiti au hakupewa. Wakilipa shilingi 1,000 kila mmoja kwa siku 26, jumla ni shilingi 1,040,000. Muombeni diwani makisio ya mapato ya soko hilo, mlinganishe. Tofauti ikiwepo, hiyo ndiyo hoja, na ina nguvu kuliko kulalamika kwamba ushuru ni mkubwa, maana mkurugenzi wa baraza atalazimika kujibu kwa hesabu. Msikimbilie kumwita mtu mwizi. Huenda meza kadhaa zimesamehewa, na tuhuma isiyo na ushahidi huwakimbiza hata madiwani wanaowaunga mkono.

Kazi hii ya kuhesabu wapeni asasi ya kiraia. Muuzaji anaogopa kunyang'anywa meza. Asasi haina cha kunyang'anywa pale sokoni. Badala ya majina, ziandikwe nambari.

Kisha jumuiya ya wafanyabiashara ikutane, ipige kura juu ya ombi moja tu, kwa waraka wa ukurasa mmoja. Muhtasari utaje idadi ya waliokataa pia. Mkutano ukiwekwa jioni, akina mama wengi hawaji, wana mapishi. Uwekeni soko linapopoa. Na mwenyekiti asiyeitisha uchaguzi wa jumuiya yake hana uso wa kumdai diwani uwajibikaji. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza mtakalorushiwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti kuanzia Mei. Hoja ikifika Mei imechelewa. Diwani aipate Disemba, mwakilishi wa jimbo na kamati husika ifikapo Februari. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, la sivyo mtaambiwa barua haikufika. Wiki mbili zikipita kimya, rudini na nakala hiyo. Jibu likija, hata la kukataliwa, libandikeni sokoni.