Kompyuta ikizimika yenyewe, anza na vumbi

Kwa wenzangu wa Moshi, hasa mnaokaa kando ya barabara za vumbi kama kule Pasua: kompyuta ya mezani ikizoea kuzimika ghafla katikati ya kazi nzito, isafishe kabla hujanunua kifaa chochote. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha fungua kava la pembeni. Tazama chini ya feni ya prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta), kwenye yale mapezi membamba ya alumini. Mara nyingi vumbi limeshikana pale kama blanketi na hewa haipiti. Litoe kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Tafadhali usipeleke gereji ikapulizwe. Kompresa zile hutema maji.

Inasaidia kwa sababu prosesa ikipata joto kali mno, nyuzi 100 hivi au zaidi, hujizima ili isiungue. Ndiyo maana ukiiacha ipoe inawaka tena vizuri.

Ikiwa safi na bado inachemka, huenda pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na alumini imekauka. Fundi ataibadilisha, si kazi kubwa. Lakini kama inazimika ikiwa bado baridi, au kila friji inapoanza kunguruma na taa kufifia, vumbi halihusiki. Hapo kagua umeme wa nyumba na pawa saplai (kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme), na msifungue pawa saplai wenyewe: ndani hubaki na umeme hata ikishachomolewa.