Kujitetea katika kesi za mabavu nchini Kenya: kuanzia seli hadi rufaa

Kesi nyingi za shambulio huanza na mbio za kwenda kituoni. Watu wawili wamepigana na wote wana majeraha, lakini aliyefika kwanza ndiye anayeandikwa mlalamishi. Aliyechelewa anawekwa ndani. Ukiwa wewe ndiwe uliyechelewa, hakikisha majeraha yako nayo yameingia kwenye maandishi: yaripoti, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nenda hospitali ya serikali, omba fomu ya P3 yako mwenyewe, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Sema umeumizwa wapi. Namna yule mwingine alivyoumia usiieleze kabla ya kuzungumza na wakili.

Saa 24 za kwanza

Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama, unangoja siku ya kazi inayofuata, ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni kwa kawaida huonekana kizimbani Jumatatu.

Kunyamaza si kukiri. Sheria ya Ushahidi haitambui ungamo lililotolewa mbele ya konstebo; lazima liwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Hata hivyo usiitegemee kinga hiyo ukaanza kupiga soga seli. Neno moja likikutoka, mpelelezi ameshajua pa kuchimba.

Wakati huo jamaa zako wawe kazini. Waandike majina na simu za walioshuhudia, wapige picha majeraha yako leo na tena baada ya siku mbili, na nguo zenye damu au zilizochanika wasizifue. Kama kuna kamera dukani au kwenye lango la ploti, wamwombe mwenyewe ahifadhi picha hizo mara moja, kwa sababu mashine nyingi hufuta za zamani ili kuandika mpya. Aliyezitoa aandike pia cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kieleze zilitoka kwenye chombo gani na zilitolewaje. Video nzuri isiyo na cheti inaweza kukataliwa mlangoni.

Dhamana

Kenya hakuna kosa lisilo na dhamana, hata mauaji. Mahakama hukunyima tu ikiwa kuna sababu nzito: kwamba utatoroka, utavuruga mashahidi, au usalama wako mwenyewe uko hatarini. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuzionyesha sababu hizo, lakini usingoje. Ukiwa jirani wa mlalamishi, jitolee kuishi kwa ndugu mbali na mtaa ule, na mtaje ndugu huyo. Katika kesi kubwa, mahakama mara nyingi huagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Huyu hupita kwa familia yako, kwa familia ya mwathiriwa na kwa chifu, kwa hiyo jamaa wajue anakuja na waseme maneno yanayolingana na ukweli.

Mdhamini aje na kitambulisho, picha, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na hati ya mali: hati miliki ya ardhi pamoja na matokeo ya utafutaji kutoka afisi ya ardhi, au logibuku ya gari. Hati yenye rehani ya benki humchelewesha, kwa hiyo iangaliwe mapema. Ukilipa dhamana ya fedha, lipa kwa akaunti ya mahakama, si mkononi mwa mtu, na risiti uitunze hadi kesi iishe. Hiyo ndiyo itakayokurudishia pesa.

Ukishatoka, usimkaribie mlalamishi, wala usimtume mtu na "ujumbe wa amani". Ujumbe huo ndio utakaorudishwa kortini kufuta dhamana. Usuluhishi upo, ila uwe wazi na upitie kwa wakili na mwendesha mashtaka. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinauruhusu kwa makosa madogo ya watu binafsi. Wizi wa mabavu na kujeruhi vibaya haviingii humo.

Soma kosa lenyewe

Kabla ya kufikiria utetezi, soma namba ya kifungu kwenye karatasi ya mashtaka. Kushambulia na kumdhuru mtu mwilini, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake ni hadi miaka 5. Madhara makubwa, kifungu cha 234, yanaweza kukupeleka gerezani maisha. Tofauti ya hayo mawili hukaa kwenye mstari mmoja wa P3, pale daktari anapotaja kiwango cha madhara. Kwa hiyo linganisha P3 na karatasi za matibabu ya siku ya kwanza: tarehe, umri wa jeraha, aina ya silaha iliyodhaniwa. Mkiwa mnabishania jeraha, dai daktari aje ahojiwe. Msikubali fomu iletwe na mpelelezi peke yake.

Wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), adhabu yake ni kifo. Kwa wizi kuwa wa aina hiyo inatosha kuthibitishwa jambo moja kati ya matatu: mwizi alikuwa na silaha ya hatari, alikuwa na mwenzake, au alimpiga au kumjeruhi mtu. Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba unahusu mauaji tu. Wengi bado wanachanganya hapa.

Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu pekee, na kabla ya kusomewa mashtaka mshtakiwa hupimwa akili. Asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Kwa wizi wa mabavu mbele ya hakimu, wakili haji mwenyewe: itabidi umwombe kortini, chini ya kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba, ueleze uzito wa adhabu na kwamba huwezi kumlipa.

Chagua njia moja

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mshtakiwa anasema hakuwepo, halafu anasema alikuwepo lakini alianzwa. Maneno hayo mawili huuana.

Kama hukuwepo, liseme mapema, utaje mahali na watu uliokuwa nao. Si kazi yako kuthibitisha. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kulivunja. Lakini utetezi unaozuka siku ya mwisho hupewa uzito mdogo. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha saa ulipotoa pesa inasaidia, na rekodi za simu hupatikana kwa amri ya mahakama.

Kama ulijikinga, swali ni kama hatari ilikuwa ya kweli na nguvu zako zililingana nayo. Aliyekimbia akafuatwa na kupigwa hatua 20 mbele hakuwa tishio tena. Katika mauaji, nguvu zilizozidi au hasira ya ghafla iliyochokozwa zinaweza kuteremsha kosa hadi kuua bila kukusudia. Pombe yenyewe si utetezi, ila huangaliwa wakati nia inapopimwa.

Kama ni suala la kutambuliwa usiku, uliza taa ilikuwa gani, ilikuwa umbali gani, shahidi alikuona kwa muda gani, alikuwa anakujua. Swali lenye makali kuliko yote ni hili: mtu wa kwanza aliyeambiwa, na kitabu cha OB, vilitajiwa jina lako au maumbile yako? Anayedai anakujua miaka kumi na hakukutaja usiku ule ana kazi ya kueleza. Gwaride la utambulisho liwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana nawe. Unachagua pa kusimama, unaweza kubadili nafasi baada ya kila shahidi, na wakili au rafiki awepo. Shahidi aliyeonyeshwa picha yako kabla, au aliyekuona seli, gwaride lake halina thamani.

Na simu ya mtumba: ukikutwa na simu iliyoibwa wiki iliyopita, sheria inatarajia uieleze. Jina la muuzaji, risiti, ujumbe mliotumiana, vyote hivyo ni utetezi. "Niliokota" ni jibu lililochoka.

Mbele ya hakimu

Taja lugha unayotaka mwanzoni kabisa. "Ni kweli, lakini alinianza" si kukiri, na mahakama inapaswa kuandika umekana. Hata ukikiri, ukweli wa kesi utasomwa. Kisichokuwa sawa kipinge papo hapo. Halafu dai nakala za taarifa zote za mashahidi, P3 na OB kabla ya kusikizwa, na kama hujapewa, omba kesi iahirishwe.

Mashahidi wa upande wa pili wakiisha, hakimu huamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo una njia tatu: kuapa na kuhojiwa, kusema bila kiapo bila kuhojiwa, au kunyamaza. Maneno yasiyo na kiapo hayana uzito mwingi, lakini mshtakiwa mwenye hasira za haraka huweza kujikaanga akihojiwa. Hilo lipimwe na wakili usiku wa kabla, si kizimbani.

Ukipatikana na hatia, mwambie hakimu siku ulizokaa rumande, maana kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka zihesabiwe. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 14. Omba nakala za mwenendo wa kesi na hukumu siku hiyo hiyo, na hata zikichelewa, hati ya rufaa ipelekwe. Sababu nyingine zinaweza kuongezwa baadaye kwa idhini ya mahakama.