Ukungu ukutani: tafuta maji kwanza, rangi baadaye

Nikiitwa kwenye nyumba ya zamani yenye ukungu, mara nyingi nakuta rangi imeshanunuliwa. Naomba iwekwe kando. Ukungu unaishi kwa maji. Ukipaka juu yake kabla hujajua yanatoka wapi, utapaka tena.

Kata kipande cha nailoni angavu, ukibandike penye doa kwa mkanda wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, hilo ni jasho la hewa ya ndani: mvuke wa jikoni, wa bafu, wa nguo zinazoanikwa chumbani. Yakijificha nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa.

Jasho dawa yake ni hewa. Funika sufuria, sogeza kabati liachane na ukuta, fungua madirisha ya pande mbili nje kukiwa kukavu. Kipima unyevu wa hewa ya chumbani kisizidi asilimia 60.

Ukuta uliolowa, toka nje ukautazame. Doa likiwa juu, panda ukakague paa na mifereji iliyoziba. Likiwa chini, chunguza udongo: mara nyingi umerundikana miaka na miaka hadi kupita usawa wa sakafu. Uchimbe, uushushe.

Halafu kuna saruji, na hapa mafundi wenzangu watanisamehe. Kuta za kale zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu ukatoka nje na kukauka. Ukizipiga plasta ya saruji au rangi ya mafuta, umeyafungia maji ndani. Yatapanda juu zaidi, chumvi nyeupe itachanua, na plasta itavimba. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia tupu. Ibandue, urudishe chokaa.

Kusafisha ni kazi ndogo: sabuni, maji, brashi, glavu na barakoa ya N95. Usikwangue ukungu ukiwa mkavu, mbegu zake zitaruka nyumba nzima. Dari ya jipsamu iliyoota ukungu ing'oe uitupe. Ukitumia klorini, usiichanganye kamwe na siki wala amonia; gesi yake ni sumu. Eneo likizidi mita moja ya mraba, au nyumbani mna mwenye pumu, mwachie mtaalamu.

Ukuta mnene huchukua miezi kukauka. Rudia kipimo cha nailoni. Kikitoka kikavu pande zote mbili, paka chokaa.